Utepe wa Kamera ya Bondeni

Ilikuwako nchi, na kama bado ipo, shauri yake. Jina tusilitaje, maana ni nchi isiyopenda kutajwa ila kwenye risala, tena baada ya majina ya wageni waalikwa. Ilikuwa na mito, milima, mbuzi na mawaziri, na katika vyote hivyo ilijivunia kitu kimoja tu: kuzindua.

Huko, kitu kisichozinduliwa kilikuwa bado hakijazaliwa. Kisima kikichimbwa, maji yakatoka, yakamwagika, yakafanya dimbwi, akina mama walilizunguka dimbwi hilo na ndoo zao wakaenda mtoni, kwa sababu mgeni rasmi hajaja kukata utepe. Vyoo vya shule vilifungwa utepe vikakaa hivyo mpaka wanafunzi waliokuwa wakivisubiri wakamaliza masomo, wakaoa. Wodi ya wazazi ya Kitopeni ilikuwa na vitanda vipya vyenye nailoni yake, na watoto wakazaliwa koridoni wakivitazama. Hakuna aliyenung'unika. Mtu mstaarabu hali kabla ya dua, walisema, na dua ya serikali ni mkasi.

Watu wa nchi hiyo walikuwa wa aina mbili, wa Kileleni na wa Bondeni. Saratani haikuwabagua, iliwaingia wote. Ila yule wa Kileleni iligunduliwa ikiwa kama punje ya ulezi, ikatolewa, mwenyewe akaenda kupumzika akanenepa. Wa Bondeni alijua anaumwa siku maji yanapokataa kupita kooni, na siku hiyo huwa si ya kuita daktari tena, ni ya kuita ndugu. Tofauti hiyo wataalamu waliiita Pengo.

Watu wa nje, wenye huruma na fedha, wakasikia habari za Pengo. Wakaandika kwamba wangependa kugharimia mafunzo ya vijana watakaokuwa watafiti wa saratani na wa Pengo lenyewe, hasa vijana waliotoka ndani yake. Waziri wa Afya, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Ramia Tindwa, aliisoma barua hiyo akiwa amesimama, akakaa, akasimama tena. Kisha akaenda redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, sauti ikitetemeka kwa uzalendo, "wenzetu wana dhahabu, wengine wana mafuta. Sisi Mungu katupa Pengo! Nimelitazama kwa macho yangu. Ni kubwa kuliko la majirani zetu wote. Nawaagiza wakuu wa wilaya walilinde usiku na mchana. Atakayebainika kulipunguza bila kibali, tutalala naye mbele."

Wananchi wakapiga makofi, hata wale waliokuwa ndani ya Pengo, kwa sababu redio ilikuwa na sauti nzuri siku ile.

*

Sikudhani Mbaruku alikuwa wa Bondeni, si wa kusingiziwa. Alisoma mambo ya viumbe mpaka chuo kikuu, akarudi kufundisha kwa mkataba wa muda katika shule ya kata. Aliyemlea ni shangazi yake, Mwamtoro, muuza chai wa pale kwenye kiwanda cha mbao. Chai ya Mwamtoro ilikuwa na sifa moja: ilinywewa ikichemka. "Chai isiyounguza ni maji ya kunawia," alikuwa akisema, na wapasua mbao walimuunga mkono kwa kupuliza na kulia machozi. Mwenyewe alikuwa wa kwanza kunywa.

Sikudhani hakuwa msemaji, alikuwa mtazamaji. Aliona tonge la shangazi likipungua. Aliona kikombe cha maji kikihamia karibu na sahani, kisha sahani ikihamia kwa jirani.

"Shangazi, mbona tonge sasa kama la kulishia vifaranga?"

"Meno, mwanangu."

"Jana umemenya muwa kwa meno hayo hayo."

"Basi ni koo. Limezeeka. Au koo halina ruhusa ya kuzeeka?"

Wakaenda kituo cha afya. Daktari Nzowa, kijana mpole aliyepelekwa ng'ambo kujifunza kuangalia makoo, akamsikiliza Mwamtoro, akamgusa shingo. Kisha akawapeleka kwenye chumba chenye dirisha kubwa la kioo. Ndani, juu ya meza, ilikaa kamera ya kumeza: mpira mwembamba mrefu wenye jicho mbele, unaoingia kooni na kumwonyesha daktari kila kilichojificha. Wafadhili ndio walioileta. Mlango wa chumba ulikatizwa na utepe mwekundu wenye ua kubwa katikati, kama bibi harusi aliyeachwa ukumbini.

"Naifuta vumbi kila asubuhi," Daktari Nzowa akasema. "Napita chini ya utepe kwa magoti. Kufuta vumbi kumeruhusiwa. Kutumia bado."

"Mpaka lini?" Sikudhani akauliza.

"Mpaka wachaguliwe watafiti chipukizi. Wakichaguliwa, Waziri atakuja kuwazindua wao na kamera kwa pamoja. Mtafiti ndiye atakayetaja mgonjwa wa kwanza." Akashusha sauti. "Dada, hili la shangazi si la kusubiri sana. Sasa hivi, kama ni kile ninachokiogopa, huenda bado ni kidogo. Kamera ya Kileleni msiitegemee, foleni yake inarukwa na kila mwenye mjomba. Omba hiyo nafasi."

Sikudhani akaomba.

*

Tangu tangazo litoke, Bondeni ilipata wakazi wapya. Magari makubwa yalishusha vijana wa Kileleni wanono, kila mmoja akitafuta kibanda cha kupanga, kwa sababu tangazo lilisema mwombaji awe mkazi wa eneo lenye Pengo. Hawakulala humo, hapana. Walipanga, wakapigwa picha mlangoni wakiwa wamebeba kuku, wakarudi kwao kabla jua halijawaka. Binti wa katibu mkuu alimuuliza mwenye nyumba choo kipo ghorofa ya ngapi. Fundi cherehani wa sokoni, Sapi, aliacha kushona sare za shule akafungua biashara ya kutia viraka kwenye suruali mpya. "Unataka kiraka kimoja," alikuwa akiwauliza, "au umaskini kamili?"

Wengi walitaka umaskini kamili.

Siku ya usaili walijazana kwenye jengo la wizara kule Kileleni, wamechakaa kwa gharama kubwa. Mbele ya Sikudhani aliingia Fahari Tindwa, mpwa wa Waziri. Mlango haukufungwa vizuri, na nje walimsikia akieleza jinsi alivyokulia katika njaa ya Bondeni, tangu Jumamosi iliyopita. Akalia. Kamati nayo ikalia. Vikaitishwa vitambaa, na chai.

Sikudhani alipoingia alimkuta mwenyekiti, Profesa Luhende, mtu wa tumbo la heshima, ameshika kikombe kinachofuka kama tanuri la mkaa.

"Karibu, binti. Wewe ulihamia Bondeni lini?"

"Shikamoo, mzee. Sikuhamia. Nimezaliwa huko."

Wajumbe wakatazamana kwa masikitiko.

"Marahaba. Si kosa lako," Profesa akasema. "Lakini ushahidi? Wenzako wote wameleta mikataba ya pango."

"Mimi naishi kwetu, mzee. Nani atanipangisha nyumba ya shangazi yangu?"

"Unaona sasa? Kisheria, binti, wewe huishi popote." Akapiga funda la chai, akatulia kidogo, mkono kifuani, akimeza kwa awamu. Kisha akaendelea kana kwamba hakuna kitu. "Haya. Utafiti wako unahusu nini?"

"Chai, mzee. Kwetu watu wanainywa ikichemka, tangu utotoni, kutwa mara nyingi. Na makoo yanayooza ni mengi kwetu kuliko huku. Nataka kujua kama moto ule una mkono wake. Kwa kamera ile tungewaona watu mapema, tukawauliza, tukalinganisha."

Profesa akawageukia wenzake. Kisha kicheko kikaanzia upande wa kushoto wa meza kikafika kulia.

"Chai!" Profesa akafuta macho. "Binti, wewe una chuki na nchi? Mfadhili akisikia kwamba Pengo letu dawa yake ni kupuliza kikombe, si atafunga mkoba aondoke? Mwenzako Fahari anatafiti 'Mielekeo Mtambuka ya Mitazamo Kuhusu Mapengo'. Sikiliza kishindo hicho! Hapo hata mwenyewe haelewi, na ndiyo sayansi."

Akapiga funda jingine. Mkono ukarudi kifuani. Sikudhani akauona.

"Lakini hatukutupi," mjumbe mwingine akasema, mwanamke mwenye miwani, Bi Shuwena, mkuu wa itifaki. "Wafadhili watapenda kuona uso wa Bondeni. Siku ya uzinduzi wewe utashika sahani ya mkasi. Na huyo shangazi yako aje, akae mstari wa mbele. Atakuwa mfano wa Pengo. Mwambie asile sana kabla ya siku hiyo."

"Hali, mama," Sikudhani akasema.

"Safi kabisa."

Angeweza kukataa. Alitaka kukataa; ulimi ulikuwa umeshainuka. Lakini aliiona ile kamera kwenye kioo, na akafikiri: mkasi ukishakata, mlango uko wazi, na shangazi atakuwa amekaa karibu. Akashukuru, akaondoka.

*

Siku ya uzinduzi Bondeni ilifungwa maturubai. Watafiti chipukizi walikaa kivulini, Fahari akiwa katikati, wamevaa fulana zilizoandikwa PENGO NI LETU. Bendi ya wilaya ilikaa pembeni na matarumbeta yake. Bi Shuwena alishawapa amri moja tu, rahisi kushika: "Mkasi ukilia, pigeni." Mshereheshaji, Bwana Pazi, naye alipewa yake: tarumbeta likilia, amshukuru mgeni rasmi. Polisi walipewa yao: akishukuriwa, wampigie saluti. Kila mmoja alimtazama mwenzake, na hakuna aliyehitaji kutazama kitu kingine. Hivyo ndivyo nchi nzima ilivyokuwa ikiendeshwa, na haikuwahi kukwama ila kwenye mambo ya maana.

Sikudhani alisimama mbele ya utepe, sahani mikononi, mkasi ukiwa umelazwa juu ya kimto cha hariri. Mwamtoro alikalishwa mbele, kapungua uzito mpaka khanga ikamzunguka mara mbili zaidi ya zamani. Mfadhili mmoja alimpiga picha, akamwinamia kwa heshima.

Waziri hakufika asubuhi. Ikasemekana yuko njiani, anazindua daraja. Kisha ikasemekana anazindua birika la kunyweshea ng'ombe, na ng'ombe wanangoja. Jua likapanda. Bwana Pazi akasinzia na kipaza sauti mapajani. Wakagawa soda na biskuti, na Mwamtoro, kwa kuwa aliona haya kukataa mbele za wageni, akamega kipande cha biskuti akameza.

Hakikupita. Akashika shingo, macho yakamtoka, Daktari Nzowa akaruka kumpiga mgongoni. Kipande kikarudi, na maji yaliyofuata yakapita kwa shida.

"Bi Shuwena," daktari akasema, "nimwingize sasa hivi. Chumba ni hicho hapo."

"Haijazinduliwa, daktari."

"Mtu anakabwa!"

"Akabwe kwa utaratibu. Leo tuna wageni."

Simu ya Bi Shuwena ikalia. Akasikiliza kwa unyenyekevu, akainama inama ingawa upande wa pili hawakumwona. Kisha akatangaza: Mheshimiwa amefika njia panda, akaombwa azindue kibao kinachoonyesha njia ya kuja huku. Amekizindua. Kwa bahati mbaya kibao kilielekezwa kwingine, naye amekifuata, kwa kuwa kimeshazinduliwa. Hafla imeahirishwa mpaka baada ya mvua.

"Mvua zipi, mama?" Mwamtoro akauliza kwa sauti ya mkwaruzo. "Za vuli au za masika?"

"Zitakazoteuliwa."

Mwamtoro akamvuta Sikudhani pindo la gauni. "Turudi nyumbani, mwanangu. Wamenipiga picha, wametosheka. Baada ya mvua sijui kama nitakuwa mtu wa kuja na miguu yangu."

Sikudhani alimtazama shangazi yake. Akautazama utepe. Akauchukua mkasi kwenye kimto, na ua lile jekundu likaanguka chini.

Mkasi ulilia. Bendi ikapiga. Tarumbeta likamgutusha Bwana Pazi usingizini, akasimama wima na macho bado yamefumba: "Asante sana Mheshimiwa mgeni rasmi! Makofi kwake, vigelegele kwake, jamani, huyo ndiye jembe letu!" Akina mama wakapiga vigelegele, kwa furaha ya kweli ambayo haikuwa kwenye ratiba. Polisi wakapiga saluti. Na saluti katika nchi ile ikishapigwa hairudishwi, kama vile mate yakishatemwa.

Bi Shuwena alikuwa amekuwa wa rangi ya majivu. Sheria za itifaki alizijua kwa moyo, alizitunga mwenyewe: aliyekata utepe ndiye mgeni rasmi, na mgeni rasmi hakatizwi, hapingwi wala haachwi peke yake mpaka aondoke mwenyewe.

"Umetuua," akamnong'oneza Sikudhani. "Sasa hutubu, kabla wafadhili hawajashtuka. Hutubu, mheshimiwa!"

Sikudhani akapewa kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," akasema. "Mimi siondoki." Wakashangilia. "Daktari Nzowa, anza na Mwamtoro. Kisha endelea na yeyote ambaye tonge linamkwama. Nitakaa hapa mpaka wa mwisho."

Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote katika historia ya nchi ile, na ndiyo pekee iliyotekelezwa siku hiyo hiyo. Akina mama wakapanga mstari. Na kwa kuwa mgeni rasmi hakuondoka, hakuna aliyeondoka. Fahari Tindwa alijaribu kuliendea gari lake, polisi akamrudisha kwa bega: "Kaa chini, kijana. Mheshimiwa bado yupo." Watafiti chipukizi wakakaa juani, maana kivuli kilishahama, wakilitazama Pengo likiingia kwenye chumba cha daktari na kutoka limepungua.

Jioni Daktari Nzowa alitoka, jasho limemlowanisha. "Kipo," akamwambia Sikudhani. "Lakini ni kidogo, na hakijaenda mbali. Kinakatika. Tumewahi, dada. Tumewahi!"

Mwamtoro aliuokota utepe chini akaukunja, kwa sababu yeye hakuzoea kuacha kitambaa kizuri kikanyagwe.

*

Serikali haikuweza kusema kwamba uzinduzi ule ulikuwa batili, kwa kuwa picha zilishafika kwa wafadhili nao walishapendezwa. Ikatangaza kwamba siku ile Waziri alihudhuria kwa sura nyingine.

Mwamtoro alifanyiwa upasuaji, akarudi. Alianza na uji, kisha ugali laini, kisha ugali wa watu. Alirudi pia kwenye chai yake, ila sasa aliimimina kwenye bakuli, akaiacha ipoe ndipo akauza. Wapasua mbao walimcheka mpaka walipochoka. Sikudhani naye, baada ya vipindi vya shule, alikaa kwenye benchi la kituo cha afya akiwauliza wagonjwa wanavyokunywa chai yao, bila ufadhili, bila fulana. Aliomba tena nafasi ya mafunzo. Akajibiwa kwamba kwa vile Bondeni sasa ina kamera, si eneo lenye Pengo, na yeye amepoteza sifa.

Kule wizarani mambo yalichacha. "Nani kaniibia Pengo langu?" Mheshimiwa Tindwa alifoka. Watafiti walishahamishiwa ng'ambo ya mto, Kitopeni, wakapanga vibanda vipya. Lakini Pengo la Bondeni lilihitajika lirudi, na njia ilikuwa moja: kuiondoa kamera. Kisheria, kitu kilichozinduliwa hakihamishwi mpaka kizinduliwe kinyume, yaani utepe ule ule uliokatwa ufungwe tena. Akatumwa Profesa Luhende na lori kwenda kuutafuta utepe.

Alimkuta Mwamtoro kwenye kibanda cha chai, Sikudhani pembeni akisahihisha madaftari ya wanafunzi.

"Bibi, utepe wa serikali uko wapi?"

"Si huo hapo kwenye mpini wa birika? Mpini unaunguza. Kaa kwanza, baba, nihudumie wateja. Utakunywa?"

"Nipe. Lakini ya moto, hiyo ya kupoa wape wagonjwa."

Mwamtoro akamtazama, akammiminia kutoka jikoni. Profesa akapiga funda. Mkono ukaenda kifuani. Akafumba macho, akangoja, akameza.

"Tangu lini, mzee?" Sikudhani akauliza bila kuinua kichwa.

"Tangu lini nini?"

"Hapo unaposhika. Siku ya usaili pia ulipashika."

"Gesi tu, binti."

"Na ugali?"

Profesa aliangalia lori. Dereva alikuwa amelaza kichwa kwenye usukani. "Ugali niliacha," akasema polepole. "Tangu bajeti iliyopita."

"Si uende ng'ambo wakakuangalie?"

"Kibali cha ng'ambo anasaini Waziri. Waziri akijua nina koo bovu, kesho kiti changu kina mtu."

"Basi kamera iko hapo, ng'ambo ya barabara tu. Ukiipakia, mzee, itafungwa utepe. Itamngoja mgeni rasmi."

Na katika nchi nzima hakuna aliyejua vizuri kuliko Profesa Luhende mgeni rasmi anavyongojewa. Alikaa mpaka chai ikapoa mbele yake. Ndipo akainywa, akainuka, akaenda kugonga kioo cha lori.

"Rudi. Mwambie Mheshimiwa utepe haujapatikana."

Dereva akautazama utepe, mwekundu, kwenye birika. "Mimi sijauona," akasema, kwa kuwa alikuwa mtumishi wa umma wa siku nyingi, na akawasha lori akaenda zake.

Kwenye benchi la kituo cha afya akina mama walisogea, Profesa akapata nafasi ya nusu tumbo. Alijifunika uso kwa kofia yake. Mama mmoja mwenye kikapu akamchungulia chini ya kofia.

"Karibu, baba. Nawe umehamia Bondeni?"

"Nimehamia, mama."

Sikudhani alikuwa amesimama mlangoni, akisubiri kumuuliza mambo ya chai. Akauliza kwanza hili, kwa adabu zote:

"Na mkataba wa pango, mzee, umekuja nao?"